"Kapteni, Kanyaga!": Siku Moja ya Rubani wa Chopa

Saa kumi na moja alfajiri niko hanga, Uwanja wa Wilson, Nairobi, tochi mkononi. Fundi ameshakagua, nami napita nyuma yake: mafuta, mkia, kisha kiganja juu ya kila panga linalozunguka juu ya chopa kutafuta ufa. Kufikia saa moja chopa yetu, aina ya H125, iko tayari. Abiria ndiye hayupo.

Saa mbili. Saa tatu. Saa nne kasorobo magari yanaingia kwa fujo. "Kapteni, watu wa Kisumu wananingoja. Nusu saa tumefika, sivyo?"

"Saa moja na robo, Mheshimiwa." Akanitazama kama niliyemwomba hongo.

Bado tunavuka Bonde la Ufa, ananigonga bega. "Kanyaga!" Pedali zilizo miguuni mwangu kazi yake ni kugeuza pua kushoto na kulia. Kasi naitafuta kwa mikono, na ina mwisho wake. Nikamweleza, maana bega lilishaanza kuuma. Hata chopa ikining'inia hewani pale pale, ncha za mapanga zinakata hewa kwa karibu kilomita 780 kwa saa. Tukienda 220, panga la kushoto linaloelekea mbele linakutana na upepo wa 1,000. La kulia, linalorudi nyuma, linabaki na 560, na lazima libebe sawa na mwenzake. Ukilazimisha, hili la kulia linaishiwa nguvu: mtetemo, pua inainuka, tunalalia upande. La kushoto nalo likikaribia kasi ya sauti, hewa inaligomea. Ndiyo maana mwisho wetu ni 287 usawa wa bahari, na huku juu ya Mau, futi 10,000, ni kama 230. Rekodi ya dunia ya chopa ya kawaida, Lynx ya Uingereza mwaka 1986, ni 400 na ushei.

"Mbona ndege ya juzi ilitumia dakika arobaini na kitu?"

"Mabawa ya ndege hayazunguki, Mheshimiwa."

Akanyamaza hadi Kericho.

Mikutano mitatu, vumbi, jua la utosini. Yeye anahutubia, mimi nalinda mkia, maana kila kijana anataka picha akiwa ameushika. Chakula? Ndizi mbili. Nilimwambia tuondoke saa tisa, injini ni moja na giza halinihusu. Akaja saa kumi na nusu, wakati mvua ya mawe imeshaziba Kericho. Tukazunguka kusini, kwa Narok, shingo yangu ikiwa ngumu na yeye akikoroma.

Wilson, kabla ya magharibi, alimwambia msaidizi wake: "Siku nyingine tafuta yenye injini mbili. Hii inatambaa." Zipo zinazofika 300. Zingemwokolea dakika ishirini hivi, kwa bili nzito zaidi. Nikajaza kitabu cha safari: muda wa kuruka, mafuta, hitilafu hakuna. Safu ya abiria aliyechelewa haimo.