Chaki, Mpira wa Lori na Fundo la Mvuvi: Nilivyotengeneza Nyumba ya Kupanga

Tulihamia Manyatta, hapa Kisumu, mwezi wa Januari, mimi na binti yangu wa miaka minne. Ni nyumba ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya pili, katika ploti yenye wapangaji kumi na wawili. Siku ya kuonyeshwa sikuona kasoro yoyote. Mtu akionyeshwa nyumba huangalia ukubwa wa sebule, akauliza habari ya maji, akatoa pesa. Kasoro zenyewe hujitokeza usiku, watu wakishalala. Usiku wa pili nikausikia mfereji wa jikoni: to, to, to.

Keateka, yaani msimamizi wa ploti, nilimwambia asubuhi. "Sawa Mwalimu, nitatuma fundi." Mimi hufundisha chekechea, na ploti nzima huniita hivyo. Wiki mbili zikapita. Simlaumu sana, kwani ana ploti tatu za kuangalia na simu yake hailali. Lakini mita ya maji inasoma kwa jina langu. Basi siku moja saa nne usiku nikaweka ndoo ya lita 10 chini ya ule mfereji nikaenda kulala. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa imefika nusu. Lita 5 kwa saa nane ni lita 15 kwa siku, na kwa mwezi ni lita 450. Hiyo ni mitungi 22 ya lita 20, na wa ishirini na tatu ukiwa nusu. Niliona uchungu, kwa sababu nakumbuka nilivyokuwa nikibeba maji kichwani nikiwa msichana.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuukaza. Kila usiku nilizidi kuukaza kwa nguvu, nao ukazidi kuvuja. Ndani ya mfereji wa kawaida mna kipande kidogo cha mpira, mafundi hukiita washa, ambacho hukandamizwa juu ya tundu la maji unapofunga. Kikilika, maji hupenya kandoni. Ukikaza zaidi, ndivyo unavyozidi kukila.

Jumamosi nikafunga koki ya nyumba yangu, iliyo juu ya mlango wa choo, kisha nikaufungua mfereji hadi maji yote yakaisha kwenye bomba. Tundu la sinki nikaliziba kwa kitambaa ili kitu chochote kikidondoka kisipotee. Spana niliazima kwa jirani anayetengeneza pikipiki. Kabla ya kuibana niliuzungushia mfereji kitambaa kizito, maana meno ya spana yakikwaruza chuma, siku ya kuhama mwenye nyumba atakuuliza wewe. Kichwa cha mfereji kikagoma, kikagoma, halafu kikaachia ghafla. Ndani nikakuta kijiti cha shaba, na chini yake ule mpira mweusi ukiwa na duara lililozama katikati, kama alama inayobaki ukikandamiza mdomo wa kikombe kwenye unga wa chapati.

Mpira wa kwanza niliukata kwenye ndara iliyokatika. Ulidumu siku tisa. Ndara ni laini mno, inabonyea na haijirudishi. Jirani wa pikipiki ndiye aliyenipa kipande cha tyubu ya lori, kizito na kigumu kidogo. Nikaweka washa kuukuu juu yake, nikazungusha kalamu, nikakata kwa mkasi polepole, na tundu la katikati nikalitoboa kwa msumari nilioupasha moto jikoni. Nikarudisha kila kitu, nikafungua koki. Kimya. Nilisimama pale jikoni kama dakika kumi nikisikiliza tu kile kimya.

Washa halisi, baadaye niligundua, inauzwa kwa bei ya maandazi mawili. Kama duka la vifaa liko karibu, usihangaike na tyubu. Nunua mbili, uweke moja kwenye mkebe. Tyubu ni ya ile siku ambayo hakuna duka lililo wazi na maji yanamwagika. Ila mpira wangu wa lori bado uko ndani ya mfereji hadi leo, na sijaona sababu ya kuutoa.

Mvua za masika zilipoanza mwezi wa Machi, mlango wa chumba cha kulala ukafura. Ulikuwa wa mbao, haukupakwa rangi ukingoni, ukanywa unyevu wote wa hewani. Kuufunga ilibidi kupiga teke. Mafundi huchukua randa mara moja, lakini mbao ikishapunguzwa, kiangazi kikirudi mlango unabaki na mwanya. Nilichukua chaki ya bluu darasani, nikaipaka ukingo mzima wa mlango, nikaufunga na kuufungua mara mbili. Fremu ikapata bluu mahali pamoja tu, juu upande wa kitasa, urefu wa kiganja. Nilikuwa nimeulaumu mlango mzima kwa kosa la inchi nne! Nikapiga msasa hapo hapo, kidogo sana, kisha nikasugua kipande cha mshumaa hadi mbao ikateleza. Unafunga kwa kidole.

Kitasa cha mlango wa nje kilipoanza kushika ufunguo, dada yangu aliniambia nitie mafuta ya kupikia. Tafadhali usifanye hivyo. Mafuta hukamata vumbi na baada ya mwezi unakuwa na uji mweusi ndani ya kitasa. Nilisugua ncha ya penseli laini kwenye meno ya ufunguo, pande zote, nikauingiza na kuutoa mara kadhaa. Unga wa penseli hulainisha bila kunata.

Matundu ya misumari ukutani nilijaza kwa unga wa chaki nyeupe uliochanganywa na gundi nyeupe ya karatasi hadi ukawa mzito kama siagi ya njugu. Nilijaribu dawa ya meno kwanza, kama wengi wanavyoshauri. Ilikauka, ikanywea, ikapasuka.

Sinki nalo liliziba kwa sababu yangu mwenyewe. Tunapenda omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, na mafuta ya kukaangia nilikuwa nikiyamwaga humo yakiwa moto, yanaganda huko chini pamoja na vichwa vya omena na vipande vya sukuma. Nilimwaga magadi ya kupikia na siki, povu likapanda, nikafurahi, maji yakabaki pale pale. Povu hilo ni kelele tu: tindikali na magadi huuana yenyewe kwa yenyewe, na kinachobaki ni maji ya chumvi chumvi. Kilichofanya kazi ni karai. Uliweke chini ya ile sehemu ya bomba iliyopinda au yenye kikombe chini ya sinki, ukizungushe kikombe kwa mkono, kinafunguka bila chombo chochote. Kilichoanguka humo sitakieleza. Kikombe nilikiosha kwa sabuni na mswaki wa zamani, nikahakikisha ule mpira wa duara umekaa sawa kabla ya kufunga, na tangu siku hiyo mafuta ya omena yanaingia kwenye mkebe, yakiganda yanaenda na taka.

Kuna jambo ambalo sikuligusa. Mwezi wa Aprili, nikiwa naoga, niligusa kifungulio cha shawa ya umeme nikasikia vidole vikitetemeka. Kidogo tu, kama siafu anatembea. Nikatoka, nikazima swichi yake ukutani, nikaibandikia karatasi yenye maneno makubwa ili mtu asiiwashe. Kwa keateka sikusema kwa mdomo safari hii. Niliandika ujumbe kwenye simu, pamoja na picha, nikautuma kwake na kwa mwenye nyumba, tarehe ikionekana. Siku tatu tulioga maji ya kupasha kwenye gesi. Fundi wa umeme alipofika akakuta waya wa ardhini, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haukuwa umeunganishwa kabisa, tangu nyumba ijengwe. Nikamtazama binti yangu akicheza mlangoni nikaketi kitandani, magoti hayana nguvu. Mfereji, mlango, sinki, hayo nitajaribu. Umeme sijaribu, na mpira wa gesi ukipasuka siufungi kwa chochote, nanunua mwingine. Kuupima ni rahisi: povu la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye maungio, ukiona viputo vinakua, gesi inatoka. Usipime kwa kiberiti hata siku moja.

Lakini kazi ninayoithamini kuliko zote ni ya dirisha.

Kisumu kuna joto, na usiku hulali dirisha likiwa limefungwa. Halafu hili ni eneo la ziwa, ambako malaria ni nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya. Mwezi wa Mei binti yangu akapata homa. Zahanati wakampima, ikawa malaria, akanywa dawa akapona. Neti tunayo na tunalala ndani yake. Ila mtoto wa miaka minne hukaa sebuleni hadi saa tatu akichora, na mbu hawangoji uingie kitandani.

Nilirudi nyumbani nikalikagua dirisha jua likiwa linapiga upande wa pili. Waya wa mbu ulikuwa na vitundu vinavyong'aa kama nyota, na kwenye kona ya juu tundu la kupitisha ngumi: mpangaji aliyetangulia alikuwa amepitisha hapo waya wa antena. Kubadilisha waya wote nilitajiwa bei nisiyoiweza mwezi ule.

Chini yetu anaishi babu mmoja aliyevua samaki ufuo wa Dunga kwa miaka mingi. Huniita nyathina, yaani mwanangu kwa Kijaluo, kama anavyowaita wanawe. Nilimweleza. Akacheka kidogo kwa upole. "Nyathina, huo si ni wavu tu? Wavu hautupwi kwa tundu moja."

Akapanda ngazi na sindano nene na uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Kwanza alinifanya nikate nyuzi zote zilizochakaa kuzunguka tundu hadi nifikie zilizo nzima, kwa maana uzi dhaifu ukishikiliwa na kiraka utakatika kando yake. Kiraka tulikitoa kwenye neti ya zamani iliyochanika vibaya, tukaikunja mara mbili ili macho yake yawe madogo, tukakata kipande kinachozidi tundu kwa vidole viwili kila upande. Kisha sindano: juu, chini, juu, chini. Siri yake ilikuwa katika fundo. Mimi ningeshona mfululizo hadi mwisho kama pindo la gauni. Yeye kila baada ya mishono mitatu alirudisha uzi nyuma, akaupitisha ndani ya kitanzi, akauvuta hadi ukalia. "Uzi ukikatika hapa," akaonyesha kwa kucha, "hapa na hapa panabaki." Upande mmoja akashona yeye, pande tatu akaniachia. Mwishoni nikapaka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kingo ili zisifumuke. Vile vitundu vidogo nilivifunga kwa mshono mmoja mmoja, jioni tatu mfululizo, binti yangu akinishikia tochi na kuhesabu. Vilikuwa arobaini na moja.

Wiki iliyopita nilihamia kwenye waya wa matundu ya hewa juu ya dirisha la jikoni, peke yangu, juu ya meza. Nilipomaliza nikamwita babu aje aone. Alipanda polepole, akashika ukingo wa meza, akapitisha kidole kwenye mshono wangu wote kuanzia kushoto, macho yake yakiangalia kwingine kabisa.

"Hapa omena hapiti," akasema. Kidole kikaendelea, kikasimama kwenye kona ya chini. "Hapa atapita. Funga tena."

Nikachukua sindano.