Picha za vichwa vya treni: naombeni na za ubavuni jamani

Wapenzi wa treni ndogo habari za huko mliko, huku Mbeya baridi imeanza kung'ata ila kazi ya mikono inaendelea. Toka jamaa yetu wa Iyunga atume picha za kichwa chake cha Tazara alichokichonga kwa plaiwudi na bati la kopo basi kila mtu kaamka, wa Tunduma katuma, wa Mbalizi katuma mabehewa ya mizigo, hadi yule kaka wa Iringa ambaye mji wake hauna reli kabisa, maana Tazara ikitoka Mlimba inapanda milima inakuja kutokea Makambako, Iringa mjini haigusi. Sa yeye akitaka kuona treni anapanda basi mpaka Makambako, anakaa pale anasubiri, anapiga picha anarudi zake. Huyo mtu namheshimu sana.

Kazi ni nzuri kwelikweli. Ila nina ombi moja na nalisema kwa moyo wote: karibu picha zote ni za mbele kwa pembeni, ile pozi ambayo kichwa kinakuja kwako. Inapendeza macho, sikatai, ila mwenzako akitaka kukijenga hicho kichwa hapati kitu. Hajui mlango uko wapi, hajui umbali wa bogi moja na nyingine (bogi ni ile fremu ya chini inayobeba magurudumu), tanki la mafuta halionekani lilivyo. Tunaomba picha ya ubavuni, umesimama katikati ya kichwa, mbali kidogo halafu ndo unazumu. Ukisogea karibu sana lenzi ya simu inavimbisha katikati na kupunguza ncha na hapo vipimo vyote vimeharibika.

Kwa treni yenyewe kubwa kuna njia rahisi ya kupata vipimo. Chukua mti mrefu ulionyooka, upake rangi nyeupe na nyeusi kila nusu mita, uuegemeze kwenye behewa kisha piga. Nyumbani unaufananisha na kitu chochote kwenye picha. Kama huna mti basi piga ya mbele iliyonyooka kabisa, reli za Tazara zimeachana milimita 1,067 na hiyo haibadiliki kutoka Dar mpaka New Kapiri Mposhi kule Zambia, kwa hiyo upana wa kichwa unaupata kwa hesabu ndogo tu. Ila tafadhali, kwanza nenda kwa stesheni masta, msalimie, mweleze unachotaka, na usisimame kwenye njia hata kama umeambiwa treni bado sana. Na usipande juu ya behewa kutafuta picha ya paa.

Halafu suala la skeli, yaani treni umeipunguza mara ngapi, 1:64 ni mara 64, hapa naomba tuelewane maana wiki hii watu wamebishana bure. Kijana mmoja kaweka kichwa cha SGR pembeni ya Tazara ya mwenzake, zote ziko kwenye reli ileile ya dukani ya milimita 16.5, halafu watu wanasema mbona Tazara imekuwa kubwa kuliko SGR, huyu kakosea. Hajakosea mtu. SGR halisi ina milimita 1,435, ukigawa kwa 87 unapata 16.5, ndo ile skeli wanaiita HO ambayo imejaa madukani nje. Tazara ni 1,067, ukigawa kwa 64 unapata 16.67, yaani karibu sawa na hiyohiyo reli. Kwa hiyo anayetaka Tazara iliyo sahihi juu ya reli ya dukani lazima ajenge 1:64, na New Zealand wenye reli za upana kama wetu wanafanya hivyohivyo miaka mingi. Wajapani wao wameamua 1:80 kwenye reli ya 16.5, treni inakaa vizuri ila reli inakuwa pana kidogo kuliko inavyotakiwa. Na ile reli ya kati ya zamani, ya mita moja, ingetaka kama 1:61. Ndo shida ileile iliyofanya pale Kidatu mizigo ihamishwe kutoka behewa moja kwenda lingine, reli hazilingani. Kwa hiyo ukituma picha andika skeli chini yake, neno moja tu, tutapumua wote.

Mi niko 1:64 na sitatoka huko. Kuna hesabu zinazonipa raha ambazo lazima niwaambie, reli nzima ya Tazara ni kilomita 1,860, ukiijenga 1:64 ni kilomita 29, yaani ukianzia hapa mjini unapita Mbalizi na bado reli inaenda. Daraja la mto Mpanga, lile lenye nguzo za kama mita 50 kule kwenye mahandaki kati ya Mlimba na Makambako, kwangu lingekuwa na nguzo za sentimita 78, juu kuliko meza ya kulia. Nalitaka hilo daraja. Sijui mke wangu atasemaje ila nalitaka.

Kingine kwenye picha zenu, angalieni mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli. Tazara ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa 1976, na wao waliweka mataruma ya zege. Reli ya dukani ina mataruma ya kahawia kama mbao, membamba na yamebanana kwa sababu ni ya 1:87. Kichwa kinaweza kuwa kizuri kupita maelezo halafu chini yake mataruma yanasema hii siyo Tazara. Mi huwa naondoa yale ya plastiki, nakata yangu, nayaachanisha, napaka kijivu kilichochanganywa na vumbi la udongo wetu mwekundu kidogo, kokoto nachekecha za mtoni mpaka zibaki ndogo kabisa. Ni kazi ya kuchosha mgongo ila picha inabadilika yote.

Kuna mzee mstaafu wa reli namtembelea, nikifika shikamoo, marahaba, namwonyesha picha zenu kwenye simu. Haangalii rangi hata siku moja, anaangalia bogi. Ekseli mbili mbili anasema huyo Mchina wa kwanza, DFH2, zile za haidroliki, nguvu ya dizeli inafika magurudumuni kwa msukumo wa mafuta. Ekseli tatu tatu anasema huyo U30C, za miaka ya 1980, Krupp wa Ujerumani walizijenga kwa michoro ya General Electric, dizeli inazungusha jenereta na mota za umeme ndo zinavuta, na ile 30 kwenye jina ni nguvu za farasi elfu tatu. Picha ya ndugu yetu wa Tunduma aliitazama muda mrefu akasema mwili wa U30C, miguu ya Mchina. Ndugu rekebisha tu hapo, mwili umeupatia sana.

Sasa upigaji wenyewe wa treni ndogo. Wengi mnapiga kutoka juu, mmesimama, treni iko mezani, hapo hata ufanyeje itaonekana toi. Mtu aliyesimama kwenye kokoto macho yake yako kama mita 1.6, kwa 1:64 hiyo ni milimita 25 tu. Lenzi yako inatakiwa iwe hapo. Simu igeuze kichwa chini ili kamera iwe upande wa chini, karibu iguse reli. Ile modi ya kufifisha nyuma izime kabisa maana inafuta mabehewa ya mwisho, na treni halisi huioni hivyo. Taa za ndani ziache, beba kipande chako cha reli hadi nje asubuhi jua likiwa bado chini upande mmoja, kiweke juu ya ukuta mfupi, nyuma yake uwe mlima Loleza wenyewe. Hakuna karatasi ya kuchora milima itakayoshinda hiyo. Upepo ukianza tu ondoa mabehewa mepesi haraka.

Na mimi nina shida yangu. U30C yangu imefika kwenye paa imekwama, nahitaji picha ya juu, feni na mabomba ya moshi yalivyokaa, iwe imepigwa kutoka darajani au mlimani reli inapopita chini. Na DFH2 ubavu wote wawili, maana sijui kama kulia na kushoto zinafanana. Hata kama ni picha ya karatasi ya baba yako aliyefanya kazi Tazara, ipige tu vizuri juani bila kivuli unitumie, nitakurudishia vipimo vyote nitakavyotoa humo ili na wewe ujenge.