Jinsi ninavyohesabu bata ziwani wakati wa barafu

Kwa muda mrefu takwimu zangu hazikutulia: bata mia tatu alfajiri, mia mbili saa moja baadaye, na hakuna hata mmoja aliyeruka. Tatizo halikuwa kuwatambua. Lilikuwa hewa, upepo na bata walio chini ya maji wakati wenzao wanahesabiwa. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, inayofanyika kila Januari tangu 1967, inategemea namba za watu kama sisi, kwa hiyo kosa hilo linauma.

Natumia darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi za mbele zina upana wa milimita 42) kupekua, na teleskopu ya milimita 80 kwenye stendi ya miguu mitatu kuhesabia. Teleskopu naitoa garini nusu saa kabla ya kazi ili ipoe. Ikitoka kwenye joto moja kwa moja, hewa iliyomo ndani ya mrija hucheza na picha haishiki. Kuhesabu kupitia dirisha la gari huku hita inawaka ni vibaya zaidi. Sikuzi zaidi ya mara 30. Kwa mara 60 mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 1.3 tu, na maji yaliyo na joto kuliko hewa hufanya kila kitu kitetemeke. Nikitazama, pumzi naielekeza pembeni, maana ikigusa kioo cha jicho huganda hapo hapo.

Bata hupenda upande uliokingwa na upepo, nao huelekeza midomo upepo unakotoka. Jua la majira haya hukaa chini, basi nachagua mahali ambapo liko mgongoni mwangu. Likiwa mbele, kila bata ni kivuli cheusi. Kingo zikiganda, wote husongamana kwenye maji yaliyobaki wazi. Kuwaona ni rahisi, ila hufunikana, kwa hiyo napanda ghorofa ya juu ya kibanda cha kujifichia.

Bata wapiga mbizi ndio mtihani wenyewe. Mtazame dume mwenye doa jeupe la mviringo kati ya jicho na mdomo: hubana manyoya, hutupa kichwa mbele, na palipokuwa na bata hubaki duara la maji. Hukaa chini sekunde 20 hadi 30, na kundi lake mara nyingi huzama pamoja. Hivyo naligawa ziwa kwa alama za ng'ambo, mti huu hadi nguzo ile, na kila kipande nakikalia angalau dakika mbili. Naandika idadi kubwa niliyoiona kwa wakati mmoja, kamwe sijumlishi walioibuka.

Bata wenye kishungi hula sana usiku, kwa hiyo mchana wengi hulala, mdomo ukiwa umefichwa mgongoni. Hapo namtambua dume kwa ubavu mweupe. Majike nayo hunasa watu: mengine yana weupe kwenye shina la mdomo na hudhaniwa aina nyingine. Nasubiri ainue kichwa nione kakishungi nyuma.

Kwa kundi kubwa nahesabu 10 mmoja mmoja, nashika kwa macho ukubwa wa fungu hilo, kisha nasonga kwa mafungu, kidole kikibonyeza kaunta, kile kijimashine cha kuhesabia cha mkononi. Jicho hupunguza makundi makubwa, nalo ni kosa la kila mtu. Napita kushoto kwenda kulia, kisha narudi. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi, napita mara ya tatu. Mabata-bukini lakini hayangoji: huondoka kunapopambazuka kwenda kula mashambani, kwa hiyo yanahesabiwa kwanza, gizagiza bado.

Naandika kwa penseli, maana wino hugoma. Glavu nyembamba chini ya nzito, kipande cha sponji ngumu chini ya buti, betri ya akiba mfuko wa ndani. Soksi mbili kwenye buti linalobana hupoza miguu kuliko soksi moja.

Vichwa vya bata vikiinuka vyote kwa pamoja, naacha kusogea, kisha narudi nyuma. Mchana ni mfupi, na mafuta ya mwili ambayo bata huyachoma kwa kuruka bure si rahisi kuyarudisha.

Mwisho naandika sehemu ya ziwa iliyoganda, mwelekeo wa upepo na saa. Hesabu ya ziwa lililoganda nusu hailinganishwi na ya ziwa lililo wazi bila maelezo hayo.