Siku moja maishani mwangu: nesi wa wodi ya vichanga

Saa 1:30 asubuhi. Nimepokea zamu: vichanga 9, wawili kwenye oksijeni, hakuna aliyetutoka usiku. Kabla ya kumgusa yeyote nanawa mikono. Vimelea sugu kabisa havitoki kijijini, tunavibeba sisi kutoka kitanda hadi kitanda.

Saa 3:20. Wameingia mama na bibi kwa bodaboda, mtoto ana siku 4.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu huyu mpole kweli, hata kulia halii."

Mwili ulinisisimka. Kichanga akizidiwa hapigi kelele, ananyamaza. Kanyonya lini? "Jana jioni, nesi, tena kidogo tu," mama akajibu.

Nikamvua nguo. Nikamtekenya unyayo: akakunja mguu polepole, akauachia. Kipimajoto kikasoma 35.2. Wengi wanangojea homa, kumbe kichanga mwenye maambukizi anaweza kupoa vilevile. Pumzi nilizihesabu dakika nzima, maana vichanga hupumua kwa kukatizakatiza: 68. Kuanzia 60 ni dalili ya hatari. Kitovu kinanuka, na wekundu umeshatambaa kwenye ngozi ya tumbo.

Bibi akatazama pembeni. "Tuliweka majivu kidogo."

Sikumgombeza. Yeye ndiye aliyelazimisha waje.

Saa 4:00. Daktari kafika. Damu ya kuotesha, ili kujua ni kimelea gani, ikatolewa kwanza, lakini majibu yake hatuyasubiri, yanachukua siku kadhaa. Sukari ya damu iko chini, 1.9, akapewa glukosi ya asilimia 10 mshipani. Kisha antibiotiki, dawa za kuua vimelea. Ana kilo 2.8: ampisilini miligramu 50 kwa kilo, yaani 140, kila baada ya saa 12, jentamaisini miligramu 5 kwa kilo, yaani 14, mara moja kwa siku. Kichupa cha jentamaisini kina miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwa hiyo nahitaji mililita 0.35. Nukta ikihama hapo umempa mara kumi. Ndiyo maana mwenzangu hupiga hesabu yake bila kuiona yangu.

Kilichoniudhi: zahanati waliyopitia iliwaandikia rufaa bila kumchoma dozi ya kwanza. Saa mbili zimepotelea barabarani.

Saa 7:00. Chai yangu imepoa. Mama anakamua maziwa, tunayapitisha kwa mpira wa puani, mtoto kalala kifuani kwake ngozi kwa ngozi. Joto 36.3.

"Kesho tutaondoka?"

"Siku 7 si chini, dada. Hata akichangamka kesho, sindano zinaendelea."

Akahesabu kwa vidole. Nyumbani kuna mwingine wa miaka miwili.

Saa 9:30 alasiri. Nakabidhi zamu. Anapumua 62, bado hajanyonya mwenyewe. Ampisilini saa 4 usiku: nimeiandika kwa kalamu nyekundu, nikamwonyesha mwenzangu kwa kidole, na nikamwambia na bibi.