Mswaki wa mtoto ushike wewe mzazi

Kuna maneno nayasikia kila sehemu, saluni, kwenye vikao vya ukoo, kwenye foleni ya kliniki. Mtoto ana miaka mitatu, meno ya mbele yamebaki vijiti vyeusi, afu mama anasema ah si meno ya utoto hayo, yatang'oka tu yataota mengine. Na anayesema hivyo wala sio mzazi mzembe, mtoto kavaa vizuri, kanenepa, chanjo zote kapata, kadi ya kliniki imejaa, ila kwenye meno ndo tumelala wote. Leo naongea kwa urefu maana hili jambo linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu linazuilika kabisa na mtu wa kulizuia ni mimi na wewe hapo nyumbani.

Tuanze na hilo la kung'oka. Ni kweli meno ya utoto yako 20 na yote yatang'oka, lakini lini? Yale ya mbele chini yanaanza kwenye miaka 6 au 7, sawa, ila magego ya utoto yanakaa mdomoni mpaka mtoto ana miaka 10, mwingine mpaka 12. Sasa gego limetoboka akiwa na miaka mitatu, hesabu mwenyewe ni miaka mingapi atatafunia upande mmoja, ataamka usiku analia, atakataa nyama na mahindi ya kuchoma, atakaa darasani kashika shavu. Na likioza mpaka kwenye mzizi usaha unakaa jirani kabisa na jino la kudumu linalojijenga chini yake, hilo la kudumu linaweza kuja kutoka na doa au na umbo bovu. Ukiling'oa mapema napo kuna shida yake, meno ya jirani yanasogea kwenye lile pengo, jino la kudumu likifika halina pa kupita linatokea pembeni, ndo unaona mtoto wa darasa la sita meno yamepandana hadi anaficha mdomo akicheka.

Afu kuna hili ambalo wazazi wengi hatuambiwi kabisa. Mtoto akifika kama miaka 6 kuna magego manne yanaota nyuma kule mwisho, juu mawili chini mawili, na yanaota bila jino lolote kung'oka. Mzazi akiyaona anajua ni ya utoto haya, kumbe ni ya kudumu, yakitoboka ndo basi hayana mbadala, ndo hayohayo atakwenda nayo mpaka uzeeni. Na yanapoota yana vibonde vibonde juu chakula kinanasa mle, yako mbali, mswaki wa mtoto haufiki. Kwa hiyo kama una mtoto wa chekechea au darasa la kwanza leo usiku mwambie aache mdomo wazi uchungulie kule nyuma kabisa, hesabu magego kila upande, ukikuta la tatu ndo hilo, lisugue kila siku.

Sasa mswaki wenyewe. Sehemu kubwa ya tatizo iko hapa, tunamnunulia mtoto mswaki mzuri wa rangirangi tunamwambia nenda kapige mswaki, anaingia bafuni, anasikika maji yanatiririka, anatoka, tunasema mtoto mzuri. Mtoto wa miaka minne hana mkono wa kusafisha meno, anatafuna brashi, ananyonya dawa kwa sababu ni tamu, anasugua meno ya mbele mawili basi. Mi kipimo changu ni soksi, mtoto ambaye hawezi kufua soksi zake zikatakata hawezi kusafisha magego yake, na hiyo kazi ni ya mzazi mpaka miaka 7 au 8, baada ya hapo bado unasimama mlangoni unaangalia.

Kwangu tunafanya hivi. Usiku akishakula na kuoga nakaa kwenye kochi, binti yangu analaza kichwa kwenye mapaja yangu anaangalia juu kwenye taa, mdomo wote unauona. Sio bafuni amesimama umeinama unapapasa tu. Kwanza nainua mdomo wa juu kwa kidole, naangalia pale ufizi unapokutana na meno ya mbele, maana kuoza kwa watoto wadogo mara nyingi kunaanzia pale, na kunaanza na mstari mweupe usiong'aa, hauumi, hauna shimo. Ukiuwahi ule mstari kwa usafi na floraidi, yaani madini yanayoimarisha meno, na kupunguza sukari jino linaweza kujirudi, ukiwa kahawia ndo limeshaanza kulika. Baada ya hapo napiga mswaki taratibu kwa kuzungusha, nje, ndani, juu ya magego, namwimbia ili asichoke. Akilia siku nyingine nafanya hivyohivyo, akilia mdomo si uko wazi, na akizoea anakuja mwenyewe anajilaza.

Dawa ya meno iwe na floraidi. Angalia kwenye boksi imeandikwa ppm, yaani kipimo cha floraidi iliyomo, iwe 1000 au zaidi, hizi za watoto zenye picha za katuni zingine hazina kitu. Ila kiasi ndo muhimu, chini ya miaka mitatu unapaka kiasi cha punje ya mchele, miaka mitatu mpaka sita kiasi cha punje ya njegere, yaani ule mstari mrefu wa kwenye tangazo la tivii ni wa kuuza dawa. Akimaliza ateme tu, asisukutue na kikombe cha maji, floraidi ibaki ifanye kazi usiku. Na unaanza lini? Jino la kwanza likichomoza, kama miezi 6, usisubiri yajae.

Sukari nayo tunaielewa nusunusu. Wengi tunajua pipi mbaya, basi tunaficha pipi afu mtoto anatembea na juisi ya boksi toka saa nne mpaka saa sita akinyonya kidogo kidogo. Kinachoumiza meno zaidi ni mara ngapi, kuliko hata kiasi. Kila sukari ikiingia bakteria wa mdomoni wanaigeuza kuwa tindikali, mdomo unakaa na ile tindikali nusu saa hivi ndo mate yanaanza kurekebisha, sasa kama kila baada ya dakika kumi kuna funda la juisi au kipande cha biskuti mate yatarekebisha saa ngapi? Bora ubuyu wa sukari na kashata vyote ale kwa mara moja baada ya chakula cha mchana afu anywe maji, kuliko kulambishwa kutwa nzima.

Na usiku ndo hatari kubwa. Mtoto akilala mate yanapungua sana, sasa ukamlaza na chupa ya maziwa yenye sukari, au uji wa lishe wenye sukari ile chuchu imekatwa tundu kubwa uji upite, ule utamu unakaa kwenye meno ya mbele ya juu mpaka asubuhi. Ndo maana unakuta ya juu yameisha na ya chini ni mazima, ya chini yanafunikwa na ulimi. Sisemi mtu aache kunyonyesha, maziwa ya mama mpaka miaka miwili ni jambo jema sana, nasema mswaki uwe wa mwisho kabla ya kulala na kama lazima alale na chupa basi iwe ya maji. Dawa za maji za kikohozi nazo nyingi zina sukari, ukimpa usiku mfutie mdomo.

Hapa naomba niwaambie na akina baba, na bibi, na dada wa nyumbani, kwa sababu mama anaweza kujitahidi afu saa tisa mchana mtoto ananyamazishwa na jojo na soda. Dada yetu hapa nyumbani nilikaa naye nikamwonyesha kwa mkono, nikampa na mswaki wake na dawa yake mwenyewe, siku hizi ananisimamia hadi mimi. Meno ya mzazi pia yana mchango, wale bakteria wanaotoboa meno mtoto hazaliwi nao, anawapata kwa mate ya watu wanaomlea, kijiko cha kuonjea, nyama ya kutafuniwa, kwa hiyo kama una matundu mdomoni nenda kazibe na wewe.

Kuna jambo siwezi kuliruka. Meno ya plastiki. Wengine mtasema hayo ya zamani, hapana, bado yapo, na sio Tanzania tu, Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudan nako wanafanya kwa majina yao. Mtoto wa miezi mitano sita ana homa na anaharisha, mtu mzima anamfunua mdomo, anaona ufizi umevimba na una weupe pale kwenye chonge, anatangaza huyu ana meno ya plastiki, na anaongeza neno baya kuliko yote, ukimpeleka hospitali akachomwa sindano atakufa. Kile cheupe ni chonge la utoto likiwa bado change ndani ya ufizi, kila mtoto analo, hata aliye mzima. Wanalichimbua kwa kisu, kwa spoku ya baiskeli, kwa kucha, bila ganzi. Mtoto anatoka damu, anaweza kupata pepopunda au sumu kwenye damu, na ile malaria au nimonia au kuishiwa maji iliyomleta inaendelea kumla huku nyumbani wanasubiri apone. Anayebaki hai anaweza kukua bila chonge, au na la kudumu lililoharibika. Nimewahi kubishana na mama mkwe mwenyewe kuhusu hili, nikamwambia mama kwa heshima zote naomba tumpeleke kwanza hospitali, yeye akasema mnajifanya mmesoma, tukaenda naye, akamwona daktari kwa macho yake, na leo yeye ndo anawaambia majirani.

Na hata sisi tunaojiona wa kisasa tuna toleo letu. Mtoto ana homa kali tunasema anaota meno. Kuota meno kunaleta mate mengi, kutafunatafuna vitu, usumbufu kidogo, lakini homa ya kuchemka na kuharisha siku kadhaa usiyasingizie meno, peleka mtoto akapimwe.

Kwa sisi wa Arusha, Moshi na Manyara kuna la ziada, maji. Floraidi kidogo inalinda, ikizidi inaharibu meno yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya taya, kwa hiyo yale ya kahawia ya huku kwetu mtoto aliyapata kabla hata hayajaota. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima na mito ya huku, mfano upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto kule Arumeru, inapita hapo mbali sana. Kuchemsha hakuondoi, maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki imekolea. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa, kazi ambayo kile kituo cha utafiti cha Ngurdoto wameifanya miaka mingi. Kama maji safi ni machache basi wape kipaumbele watoto wa miaka ya mwanzo, maji yao ya kunywa na ya uji yawe hayo, watu wazima mtumie yale mengine. Na magadi kwenye maharage na kiburu yapunguzwe au yaachwe kwa chakula cha mtoto, nayo yana floraidi.

Mwisho wa yote hospitali. Mtoto aonwe meno akifika mwaka mmoja hata kama hana tatizo lolote, sababu tukisubiri aumwe ndo tunafika siku ya kung'oa, mtoto anashikwa miguu na mikono, na hapo umeshamtengenezea hofu ya maisha. Wakati jino lililotoboka mapema linazibika, tena bila ile mashine ya kutoboa inayolia. Ile njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu na kujaza saruji ya meno ilianza kutengenezwa hapahapa Tanzania, shule ya meno Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, dunia nzima leo wanaitumia na mara nyingi haihitaji hata sindano. Kuna na dawa ya maji ya kupaka yenye madini ya fedha na floraidi inasimamisha kuoza, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, jino linabaki jeusi lakini haliendelei kuliwa. Kwa hiyo ukifika pale na mtoto na ukaambiwa tung'oe, uliza kwanza, daktari hili halizibiki? Hakuna dawa ya kupaka? Na likitolewa, nafasi yake inalindwaje mpaka la kudumu lije?