Tarehe Mosi Machi Ilikuwa ya Nani?

Sentensi yenyewe naikumbuka neno kwa neno: "The tenant verbally agreed to vacate the shop on 1st March after the landlord informed her that the roof needed repair." Yaani, mpangaji alikubali kwa mdomo kuhama dukani tarehe mosi Machi baada ya mwenye nyumba kumwambia kwamba paa linahitaji matengenezo. Ilikuwa kwenye barua ya kuchapwa, ikaletwa na dalali mpaka kwenye fremu ya shangazi yangu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Machi ilikuwa imefika katikati na mvua za masika zimeshaanza kujaribu paa. Shangazi alikuwa anashona sare za shule, ana oda za watu, vitambaa vimejaa hadi chini ya cherehani. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nakaa kwake Magomeni, na kwa kuwa nyumba nzima ni mimi niliyekuwa nasoma masomo kwa Kiingereza, barua ilikuwa yangu.

Dalali hakusubiri mtu aisome. Aliieleza mwenyewe, amesimama mlangoni: mama, ulikubali kuhama tarehe mosi, leo tarehe ngapi? Siku zote hizi umekaa kwenye mali ya mtu bila haki, na mwenye nyumba anataka ulipie.

"Tarehe mosi ndiyo siku tuliyokaa tukazungumza," shangazi akasema. "Aliniambia paa limechoka, linatakiwa litengenezwe. Nikamwambia sawa, mafundi wakija nitampisha, wakimaliza nirudi. Kuhama siku ileile mimi? Na oda za watu niziweke wapi?"

Niliisoma ile sentensi nikaona maneno ya dalali yamo. Nikairudia, nikaona na ya shangazi yamo. Hapo ndipo nilipokwama. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kupiga mstari chini ya vipande na kuviita majina yake: hiki kielezi, hiki kirai kihusishi, hiki kishazi tegemezi cha wakati, kile cha sababu. Tulifanya mazoezi hayo kurasa kwa kurasa. Lakini jina la kipande halikuwa na msaada wowote kwa mama mwenye fremu anayeambiwa atoke. Alichohitaji kujua ni kitu kimoja tu: tarehe mosi Machi ni ya kukubali, au ni ya kuhama?

Jioni tukaenda kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyesomesha Kiingereza sekondari miaka mingi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu tu. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akaisoma barua kimyakimya. Kisha akaniomba penseli.

"Usianze na vipande. Anza na vitenzi. Nihesabie."

Nikamtajia: agreed, vacate, informed, needed.

"Vinne. Hao ndio wenyeji wa sentensi hii. Vingine vinavyosema lini, wapi, vipi na kwa nini ni wageni, na kila mgeni lazima ajulikane amefikia kwa nani. Haya, verbally amefikia kwa nani?"

Hilo lilikuwa jepesi. Neno limekaa katikati ya mpangaji na kitenzi chake, hakuna mwenyeji mwingine karibu. Mwalimu akasema kielezi cha namna hiyo kina uhuru mkubwa kwenye Kiingereza: kinaweza kutangulia kitenzi, kinaweza kukifuata, kinaweza kwenda mwisho kabisa. Ila ukikipeleka mwisho, baada ya shop, inakuwa shangazi anahama dukani kwa mdomo. Uhuru upo, lakini kila kiti kina maana yake.

Kwenye on 1st March alitulia zaidi. Akaeleza kwamba mtu akiandika Kiingereza cha kawaida hutanguliza namna, halafu mahali, halafu wakati: "She spoke quietly in the shop on Monday." Karani aliyeandika barua alifuata mazoea hayo, akaisukuma tarehe nyuma. Sentensi ikiwa na kitenzi kimoja, hakuna tabu. Hii ilikuwa na viwili kabla ya tarehe, mtu anakubali, na anakubali kuhama, kwa hiyo mwisho wa kimoja umegusana na mwisho wa kingine. Msomaji wa Kiingereza akikuta kirai pale, mara nyingi hukipa kitenzi kilicho karibu zaidi. Kilicho karibu ni vacate.

"Kwa hiyo dalali yuko sahihi?" shangazi akauliza.

"Dalali ameshika njia ya karibu, mama. Lakini sarufi haijaizuia tarehe kurudi nyuma mpaka kwa agreed. Njia zote mbili ziko wazi. Ubaya ni huo."

Akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kulisikia darasani. Ukiamua kwamba tarehe ni ya agreed, basi umeshatoka nje ya vacate, na kinachofuata hakiruhusiwi kurudi humo. Kishazi cha after nacho lazima kiende kwa agreed. Lakini ukiiacha tarehe kwa vacate, kishazi bado kina hiari, na hapo akili ya msomaji ndiyo inaamua: mtu huambiwa habari ya paa kwanza, ndipo akakubali. Na lile that the roof needed repair? Nacho ni kishazi tegemezi, ila hakitangitangi. Ndicho alichoambiwa shangazi, kimefungwa na informed, basi.

Nikamuuliza kama Kiswahili kina matatizo haya. Akasema kinayo, tena hayahaya. Sema "alikubali kuhama tarehe mosi" uone. Tofauti ni kwamba tukisema "alipoambiwa", ule wakati tumeshaushonea ndani ya kitenzi chenyewe, wakati Kiingereza kinaleta neno la kuunganisha, mtenda wake na kitenzi chake, kikundi kizima kinachoweza kuwekwa mbele au nyuma. Na shangazi na mwenye nyumba walikuwa wamekubaliana kwa Kiswahili, ana kwa ana. Mmoja asingeelewa, angeuliza palepale. Karatasi huiulizi.

Nililala nimechelewa siku ile, kwa sababu tuliandika majibu. Mwalimu alinitaka niandike mwenyewe, yeye anauliza tu: huyu mgeni wa nani? Tukaivuta tarehe mbele kabisa, kwa kuwa kirai cha wakati kikifungua sentensi hupokewa na kitenzi kikuu, na vacate iko mbali. Kishazi cha after tukakiweka baada yake, kati ya mikato miwili. Ikawa: "On 1st March, after the landlord told her that the roof needed repair, the tenant agreed verbally to vacate the shop when the repair begins." Kile cha mwisho tulikiacha mwisho kwa makusudi. Begins ni wakati uliopo, na baada ya when Kiingereza hutumia uliopo hata kwa jambo lijalo. Agreed imeshapita. Hakuna atakayesema shangazi alikubali ukarabati utakapoanza. Lililobaki ni kuhama. Nyakati za vitenzi ndizo zilizolinda mlango.

Kesho yake, pale stesheneri, dada wa kuchapa aliiondoa mikato akiona haina kazi. Nikamwomba airudishe. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za makampuni mawili ya Kanada, Rogers na Aliant, yaliyogombana kuhusu mkataba wa kutumia nguzo. Sentensi ilisema mkataba udumu miaka 5, na baada ya hapo miaka 5 mingine, kisha mkato, kisha kishazi cha unless, yaani isipokuwa, kuhusu kuuvunja kwa taarifa ya mwaka mmoja. Kile kishazi ni cha kipindi cha pili tu, au hata cha kwanza? Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ya Kanada iliamua, kwa sababu ya ule mkato, kwamba kinahusu vyote viwili. Mwaka uliofuata ikaugeuza uamuzi huo baada ya kutazama nakala ya Kifaransa. Niliposoma niliona meza ya Mwalimu na penseli yake.

Shangazi hakumpa dalali majibu. Tulimwendea mwenye nyumba mwenyewe. Mzee alipokea karatasi, akampa kijana wake asome na kueleza kwa Kiswahili. Kijana akasema: tarehe mosi, baada ya kuambiwa paa linahitaji matengenezo, mpangaji alikubali kwa mdomo kupisha duka matengenezo yakianza.

"Si ndivyo tulivyosema?" mzee akauliza, anamtazama shangazi.

"Ndivyo, mzee wangu. Ile yako ilisema vingine."

Mzee akasema ile aliandikiwa, yeye Kiingereza hakijui. Shangazi akamwekea kalamu mbele, akamwomba atie sahihi chini ya sentensi yetu, akatia. Kisha wakaanza kubishana nani atalipia mkokoteni wa kubebea cherehani siku mafundi watakapofika.