Hao si jeshi

Posa ya mpwa wangu imepokelewa, mahari yamekubaliwa, mkuu mpya wa shule ameripoti Jumatano, na bado kichwani limebaki neno moja tu la shemeji, lile alilolitoa tukisubiri pilau.

Mnamjua shemeji na Vita Kuu ya Kwanza. Alikuwa anawasimulia vijana habari za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki: Tanga 1914, kuvuka Ruvuma 1917, hadi kuweka silaha chini kule Abercorn (Mbala, Zambia ya leo), Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. "Huyu hakushindwa na yeyote," akasema. Nikamwambia, "Alishindwa, shemeji. Machi 1920, kwao Ujerumani." "Na nani?" "Na mafundi umeme, makarani na watu wa reli." Akacheka, na vijana wakacheka naye. "Hao si jeshi, mwalimu." Sinia zikaja, tukanawa mikono.

Hao si jeshi. Nasahihisha madaftari, nalisikia. Nafua, nalisikia. Basi niliandike hapa lile ambalo pilau ililikatiza: jinsi mapinduzi ya Machi 1920 yalivyoangushwa kule Ujerumani.

Mkataba wa Versailles uliitaka Ujerumani ibaki na askari 100,000 tu. Februari 29, 1920, waziri wa ulinzi Gustav Noske akaamuru vikosi viwili vya wanamaji vivunjwe. Kimoja kilikuwa cha Hermann Ehrhardt, kambi ya Döberitz, nje kidogo ya Berlin: watu wa mrengo mkali wa kulia walioichukia jamhuri yenyewe. Jenerali Walther von Lüttwitz, kamanda wa majeshi ya Berlin, akakataa amri. Usiku wa kuamkia Machi 13 kikosi kikaingia Berlin kwa miguu, watu kama 5,000, helmeti nyingi zimechorwa swastika. Noske aliwauliza majenerali wake nani atapigana. Karibu wote walikataa kuwapiga risasi askari wenzao. Rais Ebert na mawaziri wengi wakakimbilia Dresden, kisha Stuttgart, na asubuhi Wolfgang Kapp, mwanasiasa kiongozi wa waasi, akaketi ofisi ya Chansela, yaani mkuu wa serikali. Huko Schwerin, Lettow-Vorbeck aliyekuwa na brigedi yake akawaunga mkono waasi.

Kwa hesabu ya bunduki, kazi ilikuwa imekwisha kabla ya chai ya asubuhi.

Ila ilikuwa Jumamosi. Kapp alihitaji tangazo kwa taifa, na husimuliwa kwamba binti yake ndiye angelipiga chapa, lakini ofisi zilikuwa zimefungwa na mashine ya taipu haikupatikana. Tangazo likakosa magazeti ya Jumapili. Wakati huohuo wito wa mgomo mkuu ulikwisha kutoka kwa majina ya mawaziri wa chama cha Social Democrat, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Carl Legien likaubeba. Kufikia Jumatatu Berlin haikuwa na umeme, gesi, tramu wala treni, na mabomba yalikauka. Nchi nzima waligoma watu wapatao milioni 12.

Shemeji, sikiliza jinsi inavyofanya kazi. Treni zikisimama, askari wa kuongeza nguvu hawafiki na chakula chao hakifiki. Wachapaji wakiacha mitambo, serikali mpya haina namna ya kuwaambia watu kwamba ipo. Kikosi kinaweza kulinda mlango wa kituo cha umeme mchana na usiku, lakini anayejua kuendesha boila ni yule aliyebaki nyumbani. Wasaidizi wa dharura walioletwa hawakutosha kuwasha jiji.

Kisha makarani. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Wakuu wa idara wizarani walikataa kupokea maagizo ya Kapp. Alitaka marki milioni 10 kutoka Benki Kuu awalipe askari, na benki ikakataa kutoa fedha kwa saini isiyoitambua. Ehrhardt alipoombwa akazichukue kwa nguvu, hakukubali askari wake wageuke wavunjaji wa benki. Mtu ameshika mji mkuu wote na hawezi kupata mshahara wa askari wake kwa sababu ya karani mmoja na karatasi moja. Machi 17 Kapp akajiuzulu, na baadaye akakimbilia Sweden.

Nilipofika hapa nilitaka kumpigia simu usiku huohuo. Sikumpigia, maana niliendelea kufikiria yaliyofuata, na furaha ikanitoka.

Kikosi cha Ehrhardt kilipokuwa kinatoka Berlin, umati ulikizomea karibu na Lango la Brandenburg. Kikageuka na kufyatua risasi. Watu 12 wakafa. Huko Ruhr, eneo la migodi na viwanda, wafanyakazi waliochukua silaha kupinga mapinduzi hawakuziweka chini, na serikali ileile iliyookolewa na mgomo ikawapelekea jeshi, pamoja na vikosi vya kujitolea ambavyo baadhi yake vilikuwa upande wa Kapp majuma machache nyuma. Waliouawa walizidi 1,000, wengi baada ya kukamatwa. Na waasi wenyewe? Msamaha ukapitishwa Agosti. Aliyehukumiwa hasa ni mmoja, Traugott von Jagow, waziri wa mambo ya ndani wa Kapp, miaka 5. Lüttwitz aliishia kupata pensheni yake. Lettow-Vorbeck aliondolewa jeshini, kisha 1928 akachaguliwa mbunge.

Hao si jeshi. Ndiyo, shemeji, na ndiyo maana waliuawa. Walioshinda kwa kuzima boila walirudi kazini, na wale wenye bunduki walibaki nazo. Hilo linaniuma kuliko kicheko chako. Lakini siwezi kukubali uwaambie wale vijana kwamba jenerali hakushindwa na yeyote, wakati watu wasio na hata rungu walimwangusha yeye na wenzake ndani ya siku tano, na majina yao hakuna anayeyasimulia akisubiri pilau.

Nitamwambia tukikutana kwenye ndoa. Kwa sasa mdogo anakohoa tena usiku, chupa ya dawa imebaki robo, na baba yake anasema tungoje Jumatatu. Mimi sitaki kungoja Jumatatu.